Je, Wajua? Kithai Kinavyowatoa Jasho Wageni

Bangkok imejaa watu waliotoka mbali: wastaafu wa Ulaya wanaokimbia baridi, walimu wa Kiingereza, wafanyabiashara wa vito, na vijana waliokwenda likizo wakaishia kuoa. Wote hao, wapende wasipende, siku moja hukutana uso kwa uso na Kithai. Haya ndiyo yanayowangoja.

Sentensi nzima kwa "mai" tano

Mai mai mai mai mai. Ukiisema sawasawa, hiyo ni sentensi kamili ya Kithai yenye maana ya "Mbao mpya haiungui, sivyo?" Siri iko kwenye toni, na Kithai kinazo tano: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Mai ya juu ni mbao. Ya chini ni "mpya". Ya kushuka inakanusha, na ya kushuka tena ni kuungua (hizi mbili husikika sawa, ila huandikwa tofauti). Ya mwisho, ya kupanda, ndiyo inayouliza swali.

Mwingereza hunasa mapema, kwa sababu kwao swali hupandisha sauti na hasira huishusha. Akileta mazoea hayo kwenye Kithai, anabadilisha maneno bila kujua kwamba amebadilisha chochote. Mhaya au Mkikuyu angeanza na ahueni kidogo, maana lugha zao zina toni. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili tupu hatuna la kujivunia: Kiswahili ni miongoni mwa lugha chache za Kibantu zilizoachana na toni.

Umemsifu au umemlaani?

Suay yenye sauti ya kupanda ni mrembo, na suay yenye sauti ya kati ni mwenye nuksi. Mgeni anayetaka kumsifia mkwewe mtarajiwa ana kila sababu ya kufanya mazoezi kwanza. Hatari nyingine ni klai: ikishuka ni karibu, ikibaki kati ni mbali! Muulize mwenye bajaji, ambayo huko ni tuk-tuk, kama hoteli iko klai au klai, halafu angalia nauli.

Saa mbili usiku ya Bangkok ni saa mbili usiku ya Tanga

Hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Waingereza na Wamarekani wakifika Thailand huchanganyikiwa na saa, kwa sababu Mthai anayezungumza nyumbani au sokoni hagawi siku kwa saa 12 mara mbili, bali kwa mafungu manne ya saa sita sita. Saa moja usiku huitwa "thum moja". Saa mbili usiku ni "thum mbili", na hivyo hivyo hadi "thum tano", yaani saa tano usiku. Mmarekani lazima achukue thum mbili, ajumlishe sita, ndipo apate nane yake. Sisi hatujumlishi kitu.

Asubuhi nayo, kwa mtindo wa zamani, mambo ni yale yale: saa moja asubuhi ni "mong" ya kwanza, saa mbili ni mong mbili, saa tatu ni mong tatu. Siku hizi wengi, hasa mjini, huzihesabu saa za asubuhi kwa mtindo wa Kizungu, lakini thum za usiku zimekataa kuondoka. Maneno yenyewe ni milio ya vyombo vilivyokuwa vikitangaza wakati: mchana kengele bapa ya shaba ililia "mong", usiku ngoma ikalia "thum". Mpango huo uliwekwa rasmi mwaka 1901, enzi za Mfalme Chulalongkorn.

Lakini tusivimbe kichwa. Baada ya usiku wa manane Wathai huanza kuhesabu upya, kwa neno "ti" lenye maana ya kupiga. Saa tisa za usiku, wakati jogoo wa kwanza hajawika, kwao ni "ti tatu". Hapo Mswahili naye atachelewa basi.

Mwanamume anayeongea kama mkewe

Karibu kila sentensi ya heshima huishia na neno dogo linalotaja jinsia ya anayesema: mwanamume husema khrap, mwanamke husema kha. Wageni wengi wa kiume hujifunza Kithai kutoka kwa wachumba na wake zao, hivyo huingia mjini wakijibu kila mtu kwa kha, na wauzaji hucheka mpaka basi. Hata "mimi" ina jinsia. Mwanamume mstaarabu hujiita phom, neno ambalo pia ni nywele za kichwani, na msichana akizungumza na mkubwa wake hujiita nu, yaani panya.

Herufi mbili zilizouawa na mashine ya chapa

Alfabeti ya Kithai ina konsonanti 44, lakini mbili kati yake hakuna anayezitumia. Chanzo kikubwa cha kifo chao kilikuwa uhaba wa nafasi. Mwaka 1892 Edwin McFarland, mtoto wa wamisionari wa Kimarekani aliyekulia Siam (jina la zamani la Thailand), alibuni taipureta ya kwanza ya Kithai kwa kushirikiana na kampuni ya Smith Premier. Alihesabu vibonye, akahesabu herufi, irabu na alama za toni, akaona havitoshi. Herufi mbili zilizokuwa hazitumiki sana zikatupwa nje. Ofisi zikanunua mashine, makarani wakazoea, na herufi zikapotea kwenye maandishi.

Kinachochekesha ni kwamba watoto wa shule bado wanaziimba. Kila herufi ya Kithai ina jina lake, kama ko ya kuku na kho ya yai, na marehemu wale wawili wanaendelea kuitwa kho ya chupa na kho ya mtu. Mgeni naye hufundishwa zote 44, kisha anaambiwa asihangaike na mbili. Nduguye Edwin, daktari George McFarland, alichapisha kamusi kubwa ya Kithai na Kiingereza mwaka 1941, kwa hiyo familia hiyo moja ilipunguza herufi na kuongeza maelezo ya maneno.

Herufi sita, sauti moja

Sauti "th" (siyo ile ya "thelathini" bali t yenye pumzi) ina herufi sita tofauti, na "s" inazo nne. Nyingi zimehifadhiwa ili maneno yaliyotoka Kipali na Kisanskriti yaendelee kuandikwa kwa heshima ya asili yake. Konsonanti zote zimegawanywa katika madaraja matatu, 9 za kati, 11 za juu na 24 za chini, na daraja hilo ndilo linalochangia kuamua toni. Irabu husimama mbele ya konsonanti, nyuma yake, juu, chini, au zikaizunguka pande zote. Maneno hayaachiwi nafasi katikati. Nafasi huwekwa pale msemaji angepumua.

Na bado, wageni waliokwisha kuvuka kizingiti hicho hutoa ushauri mmoja: jifunze kusoma mapema. Kithai kilichoandikwa kwa herufi za Kizungu hupoteza toni zake, na kila kibao cha barabarani kina tahajia yake.

Tembo huhesabiwa kwa cheo

Wathai hawasemi "tembo watatu" hivi hivi. Baada ya idadi lazima pawe na neno la kuhesabia, na kwa tembo neno hilo hutegemea hadhi ya mnyama. Tembo wa porini huhesabiwa kwa tua, neno la wanyama wote, ambalo pia huhesabu meza, viti, mashati na suruali. Tembo anayefugwa huhesabiwa kwa chueak, yaani kamba. Na tembo aliyeandikishwa katika daftari la mfalme hupandishwa tena: anahesabiwa kwa neno "tembo" lenyewe. Mgeni asiyejua ngeli huona haya ni mateso. Mtu aliyewahi kueleza kwa nini tunasema kijiko kimepotea lakini kipofu amepotea hawezi kushangaa sana.

Wiki 44 dhidi ya wiki 36

Chuo kinachofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji takriban wiki 44 za darasani, kama saa 1,100, ili akimudu Kithai kwa kazi. Kiswahili kwenye orodha hiyo hiyo kimepewa wiki 36 hivi. Yaani Mmarekani anayekuja Dar es Salaam anapumzika miezi miwili wakati mwenzake wa Bangkok bado anapandisha na kushusha sauti.

Darasa ambalo mwanafunzi haruhusiwi kuongea

Katika miaka ya 1980, kituo cha lugha cha AUA mjini Bangkok kilianzisha masomo ya Kithai ambayo mwanafunzi alitakiwa kukaa kimya kwa mamia ya saa. Hakuna kurudia baada ya mwalimu, hakuna daftari, hakuna maswali ya sarufi. Mbele walisimama walimu wawili wakipiga soga kwa Kithai: wanachora, wanaigiza mtu aliyeibiwa samaki na paka, wanabishana kuhusu namna ya kupika mchuzi. Mwanafunzi kazi yake ilikuwa kutazama, kuelewa na kucheka.

Aliyebuni mpango huo alikuwa J. Marvin Brown, mwanaisimu wa Kimarekani aliyeijua fonolojia ya Kithai kuliko wageni wengi wa wakati wake. Kwa miaka alikuwa amefundisha kwa mazoezi makali ya matamshi, kisha akafikia uamuzi uliowaudhi walimu wenzake: kwamba kujilazimisha kusema mapema ndiko kunakomwachia mtu mzima lafudhi isiyotoka. Mtoto, alisema, husikiliza muda mrefu sana kabla ya kutamka neno lake la kwanza, na hakuna anayemwona mvivu. Wengine waliokaa kimya walitoka na matamshi safi, wengine walichoka wakahama. Mimi nadhani ugumu wa njia hiyo uko kwingine kabisa: ni nani ataweza kuishi Bangkok kwa mamia ya saa bila kuagiza chakula?

Mama wa Kithai cha darasani alikuwa mtaalamu wa lugha za Wahindi Wekundu

Mary Haas alijenga jina lake kwa kuandika lugha za wenyeji wa Marekani zilizobakiwa na wasemaji wachache, ikiwemo Kitunica cha Louisiana. Vita Kuu ya Pili ilipozuka, jeshi lilihitaji watu wa kufundisha lugha za Asia, naye akajifunza Kithai huko huko Marekani kutoka kwa Wathai waliokuwa wakisoma vyuoni. Kamusi yake ya wanafunzi ya mwaka 1964 ilikuwa mkononi mwa wageni wengi kwa miongo mingi.

Haas huyo huyo alichapisha mwaka 1951 makala fupi tamu sana. Aligundua kwamba wanafunzi wa Kithai walioko Marekani walikuwa wakikwepa kutaja baadhi ya vitu kwa lugha yao wenyewe mbele za watu, pilipili na aina fulani ya boga miongoni mwao, kwa kuwa maneno hayo yalisikika kama matusi ya Kiingereza.

Unaulizwa umri kabla ya jina

Mgeni hudhani Wathai ni wadadisi, kumbe hawawezi kukuita mpaka wajue umri wako. Aliyekuzidi ni phi, uliyemzidi ni nong, na hayo hutumika kwa mhudumu wa mgahawa, mfanyakazi mwenzako na jirani. Anayeuza wali barabarani utamwita pa, yaani dada mkubwa wa mzazi wako. Kwa watu wa Ulaya wanaoitana kwa majina hata na mabosi, hapa kuna kazi. Mgeni anayetoka kwetu, ambako muuza mboga ni mama na kondakta ni kaka, hukaribia kujisikia nyumbani, mpaka afike kwenye ndugu wa wazazi. Huko cha kwanza ni nani alitangulia kuzaliwa, na kwa wadogo wa wazazi Kithai hakijali kama ni mwanamume au mwanamke. Baba mdogo na shangazi aliye mdogo kwa baba wote wawili huitwa a, na mdogo wa mama, awe mjomba au mama mdogo, ni na.

Laki ipo

Kiingereza hakina neno moja la 100,000, na hata 10,000 hukilazimu kuunganisha maneno. Kithai kina muen kwa 10,000 na saen kwa 100,000. Mwingereza anayelipa kodi ya nyumba hukokotoa kwa vidole. Mswahili anaweka saen mahali pa laki na kuendelea na safari. Si jambo la kufikirika tu. Vito vya Afrika Mashariki hukatwa na kuuzwa Bangkok na katika mji wa Chanthaburi, na miaka ya 1990 wanunuzi wa Kithai walipiga kambi Tunduru, Tanzania, wakati wa msukumo wa vito. Pande zote mbili zilikuwa na laki kwenye ndimi zao.

Kiingereza ambacho Mwingereza hakielewi

Neno la Kithai haliwezi kuishia na s wala l. Hivyo "bus", yaani basi la abiria, husikika "bat", tenisi ni "tennit", mpira ni "futbon", na anayetaka bili hotelini huita "chek bin". Kiswahili hukimbilia kuongeza irabu mwishoni. Kithai hukata na kubadilisha. Mzungu anayesema neno la kwao kwa lafudhi ya kwao mara nyingi hatazamwi hata, mpaka alitamke vibaya kwa ufasaha.

Simba na singha ni majirani wa bahati tu

Bia maarufu ya Thailand ina picha ya simba na jina Singha. Mswahili lazima ashtuke, lakini hakuna undugu: singha imetoka Kisanskriti, na simba ni Mbantu tangu zamani. Jambo jingine ni kwamba herufi za mwisho za neno hilo ziko kimya, na Wathai huagiza "sing".

Mwaka uliokuwa na miezi tisa

Mwaka 2483 wa Thailand ulianza Aprili 1 na kwisha Desemba 31. Wathai huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibudha, inayotangulia ya Kikristo kwa 543, kwa hiyo huo ulikuwa 1940. Kabla yake mwaka mpya ulianza Aprili. Serikali ilipouhamishia Januari, mwaka huo ukapungukiwa miezi mitatu. Mgeni aliye katika mwezi wake wa kwanza wa kusoma Kithai huchukua pakiti ya maziwa, akaona tarehe ya mwisho ni mwaka 2500 na ushei, akadhani amepata maziwa ya milele.

Kula kwa ngazi

Rafiki yako anapokula ni kin. Mgeni wa heshima ni rapprathan, mtawa wa Kibudha ni chan, na mfalme ni sawoei. Msamiati wa kifalme, uliojaa maneno ya Kikhmer, Kipali na Kisanskriti, hufundishwa shuleni, na hata Wathai wenyewe huupitia kwa tahadhari wanaposoma taarifa ya habari.

Kicheko cha tarakimu

Tano kwa Kithai ni ha. Kwa hiyo 555 kwenye simu ni "hahaha". Ukimtumia Mthai bei ya bahati mbaya ya baht 555, usishangae akijibu kwa furaha.

Mgiriki aliyepanda hadi ikulu kwa ulimi

Constantine Phaulkon, mzaliwa wa kisiwa cha Kefalonia, alifika Siam miaka ya 1670 akiwa baharia na mfanyabiashara. Alijifunza Kithai kwa miaka michache tu, akawa mkalimani, na hatimaye waziri mwenye nguvu kuliko wote katika utawala wa Mfalme Narai wa Ayutthaya. Wakubwa wa Kithai hawakumpenda kwa kasi hiyo, wala kwa urafiki wake na Wafaransa. Mfalme alipougua mwaka 1688, Phaulkon alikamatwa na kuuawa. Mkewe, Maria Guyomar de Pinha, mwenye damu ya Kijapani na Kireno, alibaki hai na ndiye anayetajwa kuleta vitamu vya viini vya mayai na sukari, kama foi thong, ambavyo hadi leo huliwa kwenye harusi.

Mama mkwe wa Isan

Karibu theluthi moja ya Wathai wanaishi Isan, kaskazini mashariki, ambako lugha ya nyumbani ni ndugu wa Kilao. Wageni wengi wa kiume wameoa huko. Mtu husoma Kithai cha Bangkok mwaka mzima, analipa ada, anashinda mitihani, anajua kwamba kitamu ni aroi na kanusho ni mai. Kisha anapelekwa kijijini kusalimia, anaketi mkekani mbele ya kapu la wali wa kunata, na mama mkwe anamuuliza kama chakula ni saep. Anapojaribu kukataa nyongeza ya pilipili kwa mai yake ya darasani, watoto wanamfundisha aseme "bo".